Boti ya timu haitaki mashine ya sifa

Pale Mafia, mechi ya ugenini inaweza kuanzia baharini. Timu ya Chole, Juani au Jibondo haina barabara ya kuifikisha Utende wala Kilindoni. Lazima ipande boti. Kwa hiyo mjadala wa mashine gani ifungwe kwenye boti ni mjadala wa soka pia.

Tatizo, mjadala wenyewe unaendeshwa kama usajili: kila mtu anataka jina kubwa. Mashine ya nguvu farasi 15 inadharauliwa, inatakiwa ya 40. Hapo ndipo watu wanapigwa bao la mapema.

Straika hata awe mkali vipi, kwenye timu isiyopiga krosi hafungi. Mashua ya mbao, nzito na yenye mkuku, hukata maji, haipandi juu yake. Ikishafika mwendo wake wa mwisho, ukiiongezea nguvu inanyanyua omo tu na kuunguza petroli. Nguvu hiyo inaifaa boti nyepesi ya faiba yenye kitako bapa.

Mafuta nayo yana hesabu. Mashine ikifunguliwa yote, kila farasi 10 hula kama lita 4 kwa saa, au zaidi. Ya 15 ni lita 6, ya 40 ni lita 16. Klabu inayochangishana hela ya jezi itazitoa wapi?

Halafu kuna uzito. Mashine ya 40 inakaribia kuwa mara mbili ya ile ya 15, na uzito wote unakaa shetri. Mashabiki wakijazana nyuma, maji yanaingia.

Lakini ndogo kupita kiasi nayo ni hatari. Watu 25 wa kilo 70 ni kilo 1,750, bado mafuta na mizigo. Safari fupi ndani ya ghuba ya Chole, iliyokingwa na Juani, mashine ya 15 inaweza kutosha. Kuvuka kwenda Nyamisati kusi ikivuma ni mechi nyingine kabisa. Huko nahodha anahitaji nguvu ya akiba.

Viongozi wa timu waulize kwanza: boti ina umbo gani, inabeba kilo ngapi, inakwenda wapi, kwa upepo gani? Wajue pia kwamba farasi wa ziada hawaongezi nafasi hata moja juu ya idadi ya abiria iliyoruhusiwa na TASAC. Na kila anayepanda avae jaketi okozi.

Pointi 3 zikipotea, zipo za wiki ijayo. Kikosi kikizama, hakuna marudiano.