Wanafunzi waachwe waseme

Yeyote aliyewahi kutembea ufuoni Malindi au Watamu amewasikia vijana wakizungumza Kiitaliano na watalii pasipo kusitasita. Wengi wao hawakukisomea darasani. Walikiokota katika kuuza vinyago na kuwaongoza wageni, wakikosea, wakichekwa, na kuendelea kusema. Kwa upande mwingine, yupo mwanafunzi aliyesoma Kifaransa kwa miaka minne, awezaye kuandika vitenzi katika nyakati zote bila kosa, lakini akiulizwa ghafla jana alifanya nini, huduwaa.

Kosa si lake. Katika madarasa yetu, mazungumzo ya lugha za kigeni aghalabu huwa ni majibizano yaliyokaririwa. Mmoja huuliza bei ya mkate, na mwenziwe hujibu kama kitabu kilivyoandika. Hayo ni maigizo. Katika mazungumzo ya kweli, muulizaji huwa halijui jibu, naye ana hamu ya kulijua.

Pili, ipo hofu. Vizazi vingi vya Wakenya vilijifunza Kiingereza chini ya tishio la kibao, ambacho alivishwa shingoni mtoto aliyeteleza akasema lugha ya mama. Kibao hicho kiliwafundisha kwamba kunyamaza ni salama kuliko kusema. Mwalimu amkatizaye mwanafunzi kila neno ili amsahihishe huendeleza funzo lilo hilo.

Tunafahamu kwamba walimu wanabanwa na silabasi. Lakini mtihani wenyewe wa Kifaransa katika KCSE una sehemu ya kuzungumza, na mtahini halazimiki kuuliza yaliyokaririwa. Isitoshe, hesabu ni wazi: somo la dakika 40 likigawanywa kwa wanafunzi 30 wanaojibu mmoja mmoja, kila mmoja hapati hata dakika moja na nusu, hata kama mwalimu hatasema lolote.

Kwa hivyo, tunapendekeza dakika 10 za kila somo zitengwe, wanafunzi wakae wawili wawili na kuulizana mambo yao wenyewe: mechi ya Jumamosi, chakula cha bwenini, safari ya kwenda nyumbani. Mwalimu apite akisikiliza, anukuu makosa yanayojirudia, kisha ayasahihishe mwishoni bila kumtaja mtu.

Nanyi wanafunzi, msiwacheke wenzenu wanapokosea, kwani kicheko cha darasani huwafunga watu vinywa kuliko fimbo. Majirani zetu wa Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambao sasa ni wenzetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, wanakitumia Kifaraansa katika ofisi na vyuo. Siku mtakapokutana nao kwa biashara au masomo, hawatawauliza maswali ya kitabuni.

Wahenga walinena kwamba kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Tuwaache vijana wetu wajikwae darasani, ili huko nje watembee.