Kinyonga ni nani hasa?

Najua nimepotea. Testi tatu ndani ya wiki mbili, bumu limechelewa, na kompyuta ya rumeti ninayoitumiaga kuandikia hapa ilikuwa kwa fundi. Leo nimerudi, na nimerudi na hasira, kwa hiyo atakayeudhika anisamehe mapema.

Chanzo ni semina ya Alhamisi. Tulikuwa tunajadili kwa nini wapiga kura wanabadili vyama kadiri miaka inavyokwenda. Mada tamu kabisa. Basi akasimama jamaa mmoja wa mwaka wetu (simtaji, anajijua, na mimi ananidai elfu tano) akasema Watanzania wanaohama vyama ni bendera fuata upepo. Leo huku, kesho kule, ukimpa kofia na kanga amekwisha. Darasa likacheka. Akaona kicheko kimemnogea, akaongeza: "Ni vinyonga tu hao." Hapo ndipo aliponigusa.

Kule kwetu hilo jina lina mwenyewe. Ni babu yangu.

Babu ni mtu wa Vunjo, Kilimanjaro. Ana kihamba chake, migomba na kahawa, na mbuzi wachache. Alikuwa na kadi ya TANU, ikaja ya CCM 1977, ikaja ya NCCR-Mageuzi 1995, na baada ya hapo mimi mwenyewe nimepoteza hesabu. Zote anazo kwenye bati la zamani la biskuti, chini ya kitanda. Mdogo wake, ambaye alikuwa balozi wa nyumba kumi, ndiye aliyemwita kinyonga mbele ya watu kwenye kilabu cha mbege, na jina likashika. Walikaa miaka hawasalimiani. Kwenye msiba mmoja wa ukoo walikaa kila mtu upande wake wa uwanja kama timu mbili zinazosubiri refa. Mimi shule ya msingi nilikuwa naitwa mjukuu wa kinyonga, na sitaki kudanganya, nilikuwa naona aibu.

Halafu ukiangalia, si yeye peke yake. Chukua jimbo lenyewe la Vunjo. 1995 lilimpeleka bungeni James Mbatia kwa NCCR-Mageuzi. 2005 likaenda CCM. 2010 likampa Augustine Mrema wa TLP. 2015 likamrudia Mbatia yuleyule na NCCR ileile. 2020 likarudi CCM. Kwa hesabu za jamaa yetu wa semina, hilo ni jimbo zima la vinyonga, watu wazima na akili zao.

Mimi nasema hivi, na anayebisha abishe: mara nyingi mpiga kura yuko palepale. Wanaotembea ni vyama na wenye vyama. Sisi tunamkuta mtu kasimama, gari limehama, tunamcheka yeye kwamba kahama.

Babu ana swali moja. Kila anayekuja kuomba udiwani anamuuliza hilohilo: mama akishikwa na uchungu usiku wa masika, anavukaje mto? Analo sababu. Shangazi yangu mkubwa alijifungulia kwenye majani ng'ambo ya mto kwa sababu maji yalikuwa yamejaa na pa kuvukia palikuwa gogo. Mtoto hakuishi. Tangu vyama vingi virudi 1992, babu ameuliza swali hilo kwa watu wa rangi zote, ameahidiwa na watu wa rangi zote, na kila anayeshindwa anamnyima kura inayofuata. Swali halijawahi kubadilika hata neno. Sasa niambie, kinyonga ni nani hapo?

Turudi kwa wakubwa. Mrema alikuwa waziri kwenye serikali ya CCM. 1995 akagombea urais kwa NCCR akapata karibu asilimia 28, si mchezo. 2000 akagombea tena, safari hii kwa TLP, akaambulia chini ya asilimia 8. Angalia vizuri hapo. Mtu mmoja, vyama vitatu ndani ya miaka mitano, na wengi waliompa kura ile ya kwanza hawakumfuata. Wangekuwa bendera kweli wangepepea naye hadi TLP. Walimtazama wakakaa pembeni.

Au chukua Lowassa. Mwaka 2007 Chadema walisimama pale Mwembeyanga, Temeke, wakasoma orodha ya watu waliowaita mafisadi, jina lake likiwemo. 2008 akajiuzulu uwaziri mkuu kwa sakata la Richmond. Julai 2015 CCM wakamkata kwenye urais, mwezi huohuo Chadema wakampokea, na akawa mgombea wao na wa Ukawa. Dk. Slaa akajitoa kwenye siasa za vyama, Profesa Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF. Lowassa akapata karibu asilimia 40. Machi 2019 akarudi CCM, na 2024 Mungu akamchukua, apumzike. Sasa fikiria mtu aliyeanza kuipenda Chadema kwa sababu ya Mwembeyanga. Afanye nini 2015? Akipiga, kabadilika. Asipopiga, kahama. Yeye hajainua hata unyayo, lakini kila baada ya miaka michache anapewa jina jipya: kamanda, msaliti, kamanda tena.

Na Pemba ndiyo kabisa. Machi 2019 Mahakama Kuu ilipoamua ule mgogoro wa CUF kwa upande wa Lipumba, Maalim Seif siku hiyohiyo akaingia ACT-Wazalendo. Shusha tanga, pandisha tanga. Ofisi zikapakwa rangi mpya na bendera zikabadilishwa. Kwenye takwimu hao ni maelfu kwa maelfu ya watu waliobadili chama. Mzee wa Micheweni aliyekuwa CUF tangu 1992 ukimuuliza kama amebadilika, sijui atakujibuje bila kukucheka.

Tena kuna jambo ambalo semina nzima hatukuligusa, nami nimelikumbuka nikiwa kwenye foleni ya kafeteria (akili yangu siku zote inachelewa). Katiba yetu inadai mgombea awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama. Mgombea binafsi hakuna. Mchungaji Mtikila alilipigania hilo tangu miaka ya 1990, akashinda Mahakama Kuu 1994, akashinda tena 2006, Mahakama ya Rufani ikalitupa 2010, na 2013 Mahakama ya Afrika pale Arusha ikasema haki imevunjwa. Uchaguzi wa 2025 umefanyika bado hakuna mgombea binafsi. Maana yake ni nini? Maana yake ukitaka kumbadili mtu ambaye chama chake kimemrudisha, ni lazima ubadili chama. Ukimpenda mtu aliyehama, ni lazima uhame naye. Mlango ni mmoja, halafu anayepita humo tunamshangaa.

Huohuo mlango ukiutumia wewe mwenye ubunge, hupotezi kitu. Mbunge akihama chama ubunge unakoma, sawa. Lakini mwishoni mwa 2017 wabunge wa upinzani wa Kinondoni na Siha walijiuzulu, wakahamia CCM, wakateuliwa tena, na Februari 2018 wakarudi bungeni kwa majimbo yaleyale. Uchaguzi mzima, karatasi, masanduku, askari, kwa sababu mtu kabadili shati. Na tusisahau, kwenye kampeni hizo za Kinondoni, siku moja kabla ya kura, polisi walipokuwa wanatawanya waandamanaji, risasi ilimpata mwanafunzi mwenzetu wa chuo aliyekuwa amekaa tu kwenye daladala. Akafa. Hakuwa mgombea wala mwandamanaji. Yule mbunge hatukumwita kinyonga kwenye semina. Tulimwita mheshimiwa.

Haya, kuna wengine ambao hata hatuwahesabu. 2005 Kikwete alipata kura zaidi ya milioni 9. 2010 akapata milioni 5 na ushee. Zimekwenda wapi? Chadema walipanda kweli, kutoka laki sita na kitu za Mbowe hadi milioni 2 na kidogo za Slaa. Toa, jumlisha, bado kuna mamilioni hawaonekani popote. Waliojitokeza walishuka kutoka kama asilimia 72 hadi kama 43. Watu wengi hawakuhamia chama kingine, walihamia nyumbani. Hicho ndicho chama kilichopata wanachama wengi mwaka ule na hakina hata bendera. Huyu wa nyumbani hatumsemi, tunamsema aliyepanga foleni.

Wa 2025 siupimi hapa. Chadema hawakuwemo kwenye karatasi, na mtu huwezi kumwambia kahama wakati alikokuwa hapapo.

Najua mtaniambia kanga. Sikatai. Wapo wanaopokea, wapo wanaouza kadi zao kabisa, na wapo wanaohama kwa woga, mwenye duka dogo anayetaka asisumbuliwe leseni. Huyo mwoga namwonea huruma, simcheki. Lakini kupokea kanga na kupiga kura ni vitu viwili. Babu anazo kofia za vyama vinne, nimezihesabu, na zote anazivaa kulishia mbuzi.

Desa letu linasema mtu hurithi chama kwa wazazi kama anavyorithi dini, na limetaja kile kitabu cha Wamarekani, The American Voter cha 1960. Sawa, kwao. Ila ukienda maktaba ukaacha desa, utamkuta Mmarekani mwingine, V. O. Key, ambaye kitabu chake kilitoka 1966 yeye keshafariki. Aliwaangalia waliobadili kura katika chaguzi za urais za kwao akakuta wengi walielekea kule kunakolingana na mawazo yao juu ya mambo ya nchi. Walikuwa na sababu zao. Nilisoma nikamuona babu na bati lake la biskuti.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi ni walimu watarajiwa. Mwakani tunakwenda TP. Utasimama mbele ya watoto arobaini, na mmoja wao jina lake la utani ni mjukuu wa kinyonga, halafu wewe na digrii yako utamwambia babu yake ni mjinga? Kwa ushahidi gani? Nilimfuata yule jamaa baada ya semina kule kwenye vimbweta nikamuuliza, kaka, wewe mara ya mwisho ulimpigia nani kura? Akasema hajawahi hata kujiandikisha, foleni zinamchosha. Nikamwachia hiyo elfu tano aisubiri kidogo.

Jumapili nilimpigia babu. Nikamsalimia, akaitikia, akauliza kama ninakula vizuri. Nikamwambia chuoni wamemtukana. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mjukuu wangu, wameniita hivyo tangu baba yako hajaoa. Waambie waje wavuke mto." Nikamuuliza kivuko kimefikia wapi. Bado ni gogo, ila sasa yako mawili. Na mdogo wake, balozi mstaafu, siku hizi anapita hapo kwa kushikwa mkono maana macho yamemwisha. Anayemshika mkono ni babu.

Ijumaa ijayo kuna mdahalo wa darasa. Mada: wanaohama vyama wanadhoofisha demokrasia. Nimepangiwa upande wa kuunga mkono, na mwalimu kagoma kunibadilisha. Mwenye hoja za upande huo anisaidie jamani, mimi sina hata moja.