BEI YA KAZI YETU NI NGAPI?

Ndugu wafanyakazi wa Manika na Dilala, mafundi, mashoferi, makarani, na ninyi mama zetu!

Mama mwenye gunia la makala haliuzi mpaka ameuliza wenzake bei ya leo. Lakini sisi tunauza mikono na akili mwezi mzima bila kuuliza neno. Mkubwa akitaja mshahara, tunashukuru. Mwenzetu akituuliza tunapata ngapi, tunaficha karatasi ya mshahara kama aibu. Aibu hiyo inamfaidi nani? Si sisi!

Swali hili baba zetu waliliuliza zamani. Mwezi wa Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waligoma kwa ajili ya mshahara. Tarehe 9, kwenye kiwanja cha mpira cha Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, karani Léonard Mpoyi aliyewasemea aliuawa kwa risasi pamoja na wenzake wengi. Jibu la swali la bei lilikuwa bunduki.

Leo sheria iko upande wetu. Kifungu cha 86 cha Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 kinasema: kazi sawa, ujuzi sawa, matokeo sawa, basi mshahara sawa, bila kutazama asili ya mtu, wala kama ni mume au mke. Lakini mwaka 2021 mashirika ya RAID na CAJJ yalionyesha kwamba katika migodi mitano mikubwa ya upande wetu, watu 57 katika kila 100 waliajiriwa na kampuni za katikati. Mgodi unalipa kampuni hizo, nazo zinakata fungu lao kwanza. Mabaki ndiyo yanaitwa mshahara. Mashirika hayo yalipiga hesabu pia: kuishi kwa heshima Kolwezi kulihitaji dola 402 kwa mwezi.

Basi, ndugu, tuulizane! Kazi ipi, cheo gani, miaka mingapi? Anayefanya kazi hiyo hiyo katika mgodi mwingine anapata ngapi? Hospitali na usafiri analipa nani? Tuandike majibu, tuyapeleke kwa wajumbe wetu wa chama cha wafanyakazi.

Watatuambia: «Watu mia wanangoja nje ya mlango.» Ni kweli wanangoja. Ndiyo sababu nao waijue bei, wasije wakaiangusha bila kujua.

Asiyejua bei ya mali yake, mnunuzi ndiye humpangia. Tuijue yetu!