Rangi Tatu na Kilima Kimoja

Wazazi wengi huuliza swali hili: «Mwalimu, mtoto wangu ameomba kisanduku cha rangi za maji. Je, nimnunulie? Kodi ya nyumba yanidai, daftari za shule zimekwisha, naye ataka kuchezea maji na karatasi! Mchezo huo utampatia nini?» Swali hili ni la haki, kwa maana fedha ya nyumbani haiokotwi njiani. Basi juma hili na tulijibu.

Kwanza, gharama si kubwa kama mnavyodhani. Msinunue kisanduku chenye rangi ishirini na nne. Rangi tatu zatosha: nyekundu, manjano na buluu. Ongezeni burashi moja, makopo mawili ya maji, kitambaa kikuukuu, kisahani cheupe cha kuchanganyia, na karatasi nzito kidogo, kwa sababu ile ya daftari hujikunja ikilowa. Mtoto mwenye rangi ishirini na nne huchagua tu. Mwenye tatu hulazimika kutafuta, na katika kutafuta ndimo anamojifunza.

Mchezo wa kwanza ni wa majani. Mwekeni mtoto mahali anapoona shamba na vilima, mkamwambie atafute rangi ya jani la mgomba kwa manjano na buluu peke yake. Manjano nyingi na tone la buluu humpa jani changa. Akizidisha buluu, apata jani lililokomaa. Akitia wekundu kidogo sana, ule ubichi hutulia, naye apata kivuli cha mkaratusi. Kumbe alichokiita kijani si rangi moja, bali ni ukoo mzima! Lugha yetu yenyewe yashuhudia jambo hili. Twasema -eupe, -eusi na -ekundu, basi. Rangi nyingine twaziita kwa majina ya vitu: kijani kwa majani, kahawia kwa kahawa, zambarau kwa tunda lake. Wazee waliozipa rangi majina hayo walivitazama vitu kwanza.

Mchezo wa pili ni wa vilima vitatu, kimoja nyuma ya kingine. Kilicho karibu kipakwe rangi nzito yenye manjano na wekundu. Cha kati kitiwe maji zaidi na buluu zaidi. Cha mwisho kiwe karibu maji matupu yenye buluu hafifu. Mtoto ataona karatasi iliyo bapa imefunguka kama dirisha. Kwa nini? Asimameni ukingoni mwa ziwa Kivu, pale Bukavu, atazame migomba iliyo karibu naye, kisha vilima vya Rwanda ng'ambo ya maji. Vile vya ng'ambo vina majani kama vya kwetu, lakini mbali huonekana vya buluu. Hewa iliyo kati ya jicho na kilima hutawanya mwanga wa buluu kuliko mwanga mwekundu. Kadiri hewa inavyozidi kuwa nyingi, ndivyo buluu inavyozidi. Hiyo ndiyo sababu ya mbingu kuwa buluu mchana. Mtoto aliyechora vilima vitatu amekwisha kuonja elimu ya mwanga, kabla ya kuikuta kitabuni.

Mchezo wa tatu ni wa majirani. Mtoto achore shamba la kijani, kisha aweke ndani yake mtu mdogo mwenye nguo nyekundu. Wekundu ule utawaka. Achore mtu yule yule katika udongo wa rangi ya machungwa. Wekundu utafifia, ijapokuwa rangi ni ile ile. Mfaransa mmoja, Michel-Eugène Chevreul, aliwekwa mwaka 1824 kusimamia kazi ya kutia nyuzi rangi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris. Watu walinung'unika kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa dhaifu. Alipochunguza aliona kwamba dawa ya rangi haikuwa na kosa; rangi zilizofumwa kando yake ndizo zilizoubadili weusi ule machoni pa watu. Mwaka 1839 akatoa kitabu kikubwa juu ya jambo hilo. Akina mama hawatashangaa. Anayechagua kikwembe sokoni hukiweka kwanza kando ya blauzi, kwa kuwa ajua kwamba nguo hupendeza au huchusha kwa sababu ya jirani yake.

Ziko rangi zilizo wapinzani: nyekundu na kijani, buluu na rangi ya machungwa, manjano na zambarau. Zikiwekwa kando kwa kando, kila moja humwangaza mwenzake. Zikichanganywa, huzimana na kuwa rangi ya majivu au ya matope. Kwa hiyo, siku mtoto atakapochanganya zote akapata matope, msimkemee wala msimcheke. Mwonyesheni njia baada ya mvua na ukuta wa udongo. Matope yake yana mahali pake. Mwambieni pia kwamba weupe hautoki kisandukuni: weupe ni karatasi yenyewe. Akitaka wingu, aache mahali pa wingu pasiguswe.

Labda mtasema: «Hayo ni mambo ya wenye vipaji.» Sivyo. Lakini tazameni daftari za watoto wetu. Wengi huchora nyumba yenye bomba la moshi juu ya paa, na mti wa nchi za theluji mlangoni. Nyumba ile hawajaiona kamwe, wameinakili kitabuni. Mgomba ulio nyuma ya jiko lao hawauchori, kana kwamba haustahili karatasi. Hapo ndipo penye hasara, kwa maana mtoto anayejifunza kwamba vitu vizuri viko kwa wengine tu hatavitunza vya kwao.

Mwaka 1926, mtumishi wa serikali ya Ubelgiji aitwaye Georges Thiry aliona huko Bukama, kando ya mto Lualaba, nyumba zilizopambwa kwa picha kutani. Mchoraji aliitwa Albert Lubaki. Thiry alimpa karatasi na rangi za maji, na mkewe Antoinette akachora pia. Walichora miti, wanyama na watu wa kwao, wakaacha weupe wa karatasi uvizunguke. Picha za Lubaki zilionyeshwa Brussels mwaka 1929, na mwaka 2015 kazi za mume na mke zilitazamwa tena Paris. Hawakuhitaji bomba la moshi.

Basi, akina baba na akina mama, fedha ya mboga isiguswe. Lakini zikibaki senti chache, nunueni rangi tatu. Kisha ketini na mtoto kwa nusu saa jioni, mkamwulize: «Kilima kile kina rangi gani sasa?» Msimjibie. Mwacheni atazame, achanganye, akosee, atazame tena. Kesho asubuhi mwulizeni tena swali lile lile, naye atawaambia kwamba kilima kimebadilika.