Mtoto mrushaji akilalamika bega, asiambiwe mvivu

Mama mmoja wa Ijumbi, wilayani Muleba, ameniandikia kuhusu mwanawe wa miaka 13 anayesoma Uganda. Shuleni huko amefundishwa besiboli, na sasa ndiye mrushaji wa timu. Amerudi likizo akilalamika bega na upande wa ndani wa kiwiko. Akitumwa maji, anabadilisha mkono kila baada ya hatua chache. Baba yake anasema huo ni uvivu wa bwenini. Mwalimu wa michezo naye ametuma ujumbe kwamba kijana aendelee kurusha asije akapoa, kwa kuwa mashindano yanakaribia. Mama anauliza amsikilize nani.

Mama yangu, kwa sasa msikilize mtoto.

Kwa wasomaji ambao hawajauona mchezo huu, mrushaji ndiye anayemtupia mpira mpinzani aliyeshika gongo. Kwenye uwanja wa kawaida, umbali kati yao ni mita 18.44. Mpira una uzito wa gramu 145 hivi, ni mwepesi, lakini anaurusha kwa nguvu zake zote, mara kadhaa kwa kila mpinzani, na mechi nzima inaweza kufika marusho 80 au zaidi. Jirani zetu Waganda wameupenda sana. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikwenda Marekani kucheza fainali za dunia za Little League, wakiwa timu ya kwanza kutoka Afrika, na leo wapo vijana wa Uganda waliosajiliwa na klabu kubwa za huko, kama mrushaji David Matoma wa Pittsburgh Pirates. Hapa kwetu, Dar es Salaam, upo uwanja wa besiboli katika Shule ya Sekondari Azania, uliojengwa kwa msaada wa Japan. Kwa hiyo kijana wako hachezi mchezo wa ajabu, na mimi sisemi auache.

Tatizo ni namna anavyorusha na mara ngapi. Mtazame mtu aliyezoea kupasua kuni. Hapigi shoka kwa mkono mtupu, nguvu inaanzia miguuni, inapita kiunoni na mgongoni, mkono unamalizia. Mrushaji mzuri hufanya hivyohivyo. Huinua mguu, hupiga hatua ndefu kuelekea anakolenga, nyonga hugeuka kwanza, kifua hufuata, kisha bega, kiwiko na kiganja. Baada ya mpira kutoka, mkono huendelea kushuka mpaka upande wa pili wa mwili, ili misuli ya nyuma ya bega ipate nafasi ya kuupunguza mwendo taratibu. Mtoto mwenye miguu na kiuno dhaifu, au aliyechoka, hurusha kwa mkono peke yake. Mzigo wote unaangukia bega na kiwiko.

Kwa umri wake kuna jambo jingine. Karibu na ncha za mifupa ya mtoto kuna sehemu laini ambazo mfupa hukulia. Ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa, na mvuto uleule ukirudiwa mara nyingi bila kupumzika unaweza kuzifanya zivimbe au zianze kuachana. Kwa mtu mzima huchanika kano ya kiwiko. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe wa Marekani alimpasua mrushaji Tommy John na kumwekea kano iliyotolewa kwenye mkono wake mwingine. Alirudi uwanjani mwaka 1976. Leo upasuaji huo, unaoitwa kwa jina lake, unafanyiwa hata vijana wa sekondari nchini humo, na wengi wao walikuwa na tabia ya kurusha huku mkono umechoka.

Ndiyo maana Little League iliweka kikomo. Mtoto wa miaka 13 harushi zaidi ya mara 95 kwa siku. Kwa walio na miaka 14 kushuka chini, akifikisha marusho 66 anapumzika siku nne kabla ya kurusha tena mechini. Akirusha kati ya 51 na 65, siku tatu. Hizo ni namba za mwisho kwa mtoto mzima wa afya. Mwenye maumivu harushi hata mara moja. Madaktari wa mchezo huo wanashauri pia watoto wapate angalau miezi minne kwa mwaka bila kurusha kabisa.

Sasa likizo hii afanye nini? Kwanza asirushe, hata mawe ya kuangushia maembe. Asibebe ndoo kwa mkono huo, asilime wala asikate mikungu ya ndizi. Kazi nyingine za nyumbani zipo, apewe hizo. Msimchue kwa nguvu, na msimpe dawa za maumivu ili arudi kucheza, kwa sababu zinaficha dalili. Mpelekeni kituo cha afya apimwe. Wakiona haja ya picha ya eksirei watawaelekeza Rubya au Bukoba. Msisubiri ikiwa kiwiko kimevimba, hakinyooki, vidole vinakufa ganzi au maumivu yanamwamsha usiku.

Miguu na kiuno havihitaji kusubiri, mradi zoezi halimuumizi mkono. Mara tatu kwa wiki achuchumae na kuinuka mara 12, apige hatua ndefu akishusha goti, asimame kwa mguu mmoja kwa nusu dakika kila upande. Akipona na kuruhusiwa, afunge kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye nguzo, abane kiwiko ubavuni, avute taratibu kuelekea nje. Hilo huimarisha misuli ya nyuma ya bega. Vyuma vizito havihitaji.

Nanyi ambao watoto wenu wanarusha mkuki au wanacheza mpira wa mikono UMISSETA, haya yanawahusu pia.

Kwa baba: mvivu hukwepa kazi lakini hukimbilia mpira. Mwulize kijana kama kurusha nako kunamuuma. Akisema ndiyo, umepata jibu. Na kwa mwalimu, mama, mwandikie umweleze kituo cha afya kimesema nini, kisha umwombe mambo mawili: mtoto asirushe mpaka aruhusiwe, na akirudi uwanjani awepo mtu mwenye daftari wa kuhesabu marusho yake.