UKURASA WA SHULE: Mtoto Anapochelewa Kurudi kwa Sababu ya Ngoma



Mwezi huu tunaongea juu ya muziki katika shule za sekondari. Tumeuchagua kwa sababu ya swali tunaloulizwa karibu kila muhula, na mara nyingi linaulizwa kwa hasira: "Mimi nimemtuma mtoto akasome, mbona anarudi giza limeingia anasema alikuwa kwenye ngoma?" Baba mmoja aliongeza kwamba kama ni kucheza, angemwacha acheze nyumbani bila kulipa karo. Tulicheka naye, lakini swali lake siyo la kuchekwa. Karo, au minerval kama tulivyozoea kusema kule Kongo, hapa inatoka kwenye mahindi yaliyouzwa, kwenye cherehani, au kwa ndugu aliye mbali. Mzazi ana haki ya kujua pesa hiyo inanunua nini.

Ili tulijibu vizuri, twende kwanza Kampala, pale Nakawa. Nakawa ni mojawapo ya sehemu tano za jiji, upande wa mashariki, kwenye barabara ya kwenda Jinja. Wengi wetu tunaijua kwa soko lake tu, au tumeipita tukiwa ndani ya takisi. Lakini kwa mambo ya shule, mengi yanayomfikia mtoto wako hapa kambini yanaanzia kule. Kyambogo ndipo kilipo Kituo cha Taifa cha Mitaala, wanapoandika watoto wasome nini. Ntinda, jirani tu, ndipo ilipo ofisi ya Baraza la Mitihani, UNEB. Kwenye kilima hichohicho cha Kyambogo kuna chuo kikuu kilichoundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha vyuo vitatu, na ndani yake wanasomeshwa walimu wa muziki. Na ukifuata barabara ya Ntinda kwenda Kisaasi utakuta kituo cha Ndere, nyumba ya kundi la ngoma lililoanzishwa mwaka 1984 na Stephen Rwangyezi. Jina lenyewe linatokana na endere, ile filimbi ya hapa Uganda. Yaani anayeandika somo, anayelipima, anayemfundisha mwalimu wake, na jukwaa la kuonyesha ulichojifunza, wote wako sehemu moja ya mji. Mtu wa boda anaweza kukuzungusha kote kwa asubuhi moja kama jam siyo kali.

Sasa hao wa Kyambogo waliandika nini? Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza Februari 2020. Mwezi uliofuata shule zikafungwa kwa ajili ya Korona, zikafunguliwa kabisa Januari 2022, na ndiyo maana watoto wa kwanza wa mtaala huo walikuja kufanya mtihani wa S.4 mwaka 2024. Katika mtaala huo muziki haukuachwa peke yake kama zamani. Uliunganishwa na ngoma na mchezo wa kuigiza, ukawa somo moja la sanaa za maonyesho. Kwenye ripoti ya mtoto linaandikwa Performing Arts. Ni somo la kuchagua. S.1 na S.2 mwanafunzi anasoma masomo 11 ya lazima na moja la kuchagua. S.3 na S.4 ya lazima yanabaki 7, anaongeza moja au mawili aliyoyachagua. Katika yale 11 kuna Kiswahili, na hapo wengi wa watoto wetu wanatangulia mbele ya wenzao, lakini hiyo ni habari ya mwezi mwingine.

Tafadhali someni hapa polepole. Kuna mambo mawili ambayo wazazi wengi wanayachanganya, na hata walimu wengine hawaelezi vizuri. Kuna somo, na kuna kikundi cha shule. Somo lina kipindi kwenye ratiba, lina kazi za darasani ambazo alama zake zinahesabiwa asilimia 20, na lina mtihani wa mwisho wa asilimia 80. Linaingia kwenye cheti. Kikundi ni kile kinachofanya mazoezi jioni kwa ajili ya mashindano ya shule, na chenyewe hakiingii kwenye cheti hata kama shule imerudi na kombe. Shule inaweza kuwa na kikundi kizuri sana kisha somo lenyewe isiwe nalo, kwa sababu haina mwalimu aliyesomea. Hapo mtoto atapiga ngoma miaka minne, mwalimu mkuu atamsifu mbele ya wageni, na siku ya matokeo hakuna mstari hata mmoja unaosema huyu mtoto anajua muziki.

Kwa hiyo swali la kuuliza shuleni siyo "mnacheza ngoma?" Uliza hivi: je, sanaa za maonyesho zinafundishwa hapa darasani, na nani anafundisha, na mtoto wangu ataliandikisha kwa mtihani wa S.4? Uliza wakati yuko S.2, kabla hajachagua masomo ya S.3. Ukiuliza yuko S.4 umechelewa. Kama jibu ni hapana, msimlaumu mwalimu wa kikundi; mara nyingi ni mwalimu wa hesabu au wa dini anayejitolea jioni zake. Lakini mtajua mnasimama wapi, na mtoto achague somo lingine la kumletea alama, huku ngoma akiendelea nayo kama kikundi.

Je, kikundi basi ni bure? Sisi hatusemi hivyo. Mashindano ya muziki, ngoma na michezo ya kuigiza ya shule za Uganda yanapanda ngazi: shule, wilaya, mkoa, mpaka taifa. Wizara ya Elimu inatoa kichwa cha habari, na shule zinatunga juu yake. Kuna kwaya ya wimbo uliopangwa, kuna wimbo wa kienyeji, kuna utunzi wa ala, kuna ngoma ya asili, kuna mchezo. Waamuzi wanaandika alama na maoni. Mtoto anayesimama mbele ya watu asiowajua na kuimba bila kutetemeka, huyo hata akiitwa kwenye mahojiano ya kazi hatakosa la kusema. Tena zipo shule za binafsi zinazowapunguzia karo wanafunzi wenye kipaji cha muziki kama wanavyofanya kwa wachezaji wa mpira. Ukipewa ahadi ya namna hiyo, omba iandikwe kwenye karatasi yenye mhuri, useme asante, kisha uitunze.

Na tusidhani mlango huu siyo wa watu kama sisi. Mwaka 2005 shule ya msingi ya Patongo, kaskazini mwa Uganda, ilifika Kampala kwenye mashindano ya taifa. Watoto wale walikuwa wanaishi kwenye kambi ya waliokimbia vita, ndani ya nchi yao wenyewe. Baadhi yao walikuwa wamepoteza wazazi. Walicheza Bwola, ngoma ya Waacholi, na ngoma hiyo ikawapa ushindi. Filamu iliyotengenezwa juu yao, War/Dance, ilitoka mwaka 2007 na ikateuliwa kugombea tuzo ya Oscar mwaka 2008. Tukumbuke hata hivyo kwamba filamu haikumaliza shida za Patongo. Walirudi kambini na vikombe vyao, na kambi ilikuwa ileile. Tunaitaja kwa sababu kwenye fomu ya mashindano hakuna mahali panapouliza kama nyumba yako ni ya matofali au ya turubai.

Wengine wanatuambia: ngoma zinazotakiwa ni za Uganda, watoto wetu watapataje? Ni kweli shule nyingi zitachagua Bakisimba ya Buganda au Ekitaguriro ya Ankole, kwani ndizo walimu wanazozijua. Mtoto atajifunza, siyo dhambi kujifunza ngoma ya jirani aliyekupokea. Lakini tuangalie na upande wa pili. Ile lukeme ambayo Waacholi wanaipiga na kuiita yao, mizizi yake ni likembe ya Kongo. Ilipanda kutoka huko na watu waliosafiri kutafuta kazi, mwanzoni mwa karne ya 20. Ilifika kabla yetu, na haikuulizwa karatasi. Adungu, kinubi ambacho leo kiko karibu kila kikundi cha shule Uganda, kinatoka kwa Waaluri, na Waaluri wako pande zote mbili za mpaka, huku Nebbi na kule Mahagi. Kwa hiyo mzee wa likembe aliye kwenye zoni yako siyo mgeni kabisa kwa muziki wa nchi hii.

Na wazee hawa tusiwachezee. Huko Busoga kuna tarumbeta za vibuyu zinaitwa bigwala. Kila kibuyu kinatoa sauti moja tu, basi wapigaji watano au zaidi lazima wapokezane ndipo wimbo utoke. UNESCO walipoziandika mwaka 2012 kwenye orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa haraka, mafundi wazee waliokuwa wanajua kuzitengeneza na kuzipiga walikuwa wamebaki wanne. Vibuyu vyenyewe vilikuwa havilimwi tena. Mwalimu wa muziki wa Kyambogo, James Isabirye, ni mmoja wa walioshughulika kuziamsha, na kazi ilianzia shambani: kutafuta mbegu, kupanda, kungoja vikomae, ndipo vijana wakae na wazee wafundishwe. Sisi hapa kambini tuna wazee kutoka Kivu, Ituri, Burundi, Rwanda na Sudan Kusini, na ala zao nyingi zilibaki nyuma siku ya kukimbia. Shule ikikosa mwalimu wa ala, kamati ya wazazi inaweza kumpendekeza mzee mmoja aende alasiri moja kwa wiki. Mpeni nauli na sahani ya chakula, hata kama yeye atasema hataki kitu.

Juu ya mabinti tuongee wazi. Baadhi ya familia zinamruhusu kijana wa kiume na kumkatalia dada yake. Kuna sababu ya desturi, na kuna sababu ya usalama. Za desturi tunazijua. Kule Burundi amri ya rais ya mwaka 2017 iliwakataza wanawake kupiga ngoma zile kubwa, ambazo UNESCO ilikuwa imeziandika kwenye orodha yake mwaka 2014. Katika shule za hapa wasichana wanapiga, na somo la darasani halibagui. Sababu ya usalama ndiyo tunayoiheshimu zaidi. Mama anayeogopa njia ya giza haogopi bure. Lakini dawa yake ni kwenda kuzungumza na mwalimu mazoezi yafanyike mapema au siku ya Jumamosi, na wasichana wa njia moja watembee pamoja na mtu mzima anayejulikana. Kumtoa kabisa msichana kwenye mazoezi huku kaka yake anabaki, hapo tunaona haki haipo.

Tukija kwenye pesa, mavazi na safari ndivyo vinavyowaumiza wazazi. Tumesikia habari za watoto waliofanya mazoezi wiki nyingi kisha wakaachwa siku ya basi kwa sababu mchango haujalipwa, na wengine wakachukuliwa mahali pao. Jambo hili lijadiliwe kwenye mkutano wa wazazi mwanzoni mwa muhula, siyo usiku wa safari. Mavazi ya ngoma mengi yanashonwa hapahapa. Mafundi wetu wa cherehani wanaweza kufanya kazi hiyo badala ya kutoa mchango wa pesa. Shule nyingi zitakubali zikiulizwa mapema na kwa heshima.

Na baada ya S.4? Hatutawadanganya kwamba muziki ni njia ya utajiri. Lakini somo la muziki lipo mpaka S.6, na Kyambogo wanaendelea nalo chuoni. Anayefika huko anaweza kuwa mwalimu, na shule zinazotafuta mwalimu wa somo hili hazijapungua tangu mtaala ubadilike. Hata wimbo wa taifa wa Uganda, ule watoto wetu wanaouimba kila asubuhi kwenye mstari, sauti yake ilitungwa na mwalimu wa muziki, George Kakoma, kwa ajili ya uhuru wa 1962.

Kwa wale ambao watoto wao wanasafiri na kikundi muhula huu: mpeni mtoto nakala ya karatasi ya ukimbizi ya familia, siyo ile yenyewe. Mwandikieni namba ya simu ya nyumbani kwenye karatasi nyingine na aiweke mfuko tofauti. Mjue jina la mwalimu anayeongozana nao na mahali watakapolala, na muulize kama wasichana wana chumba chao na mwalimu wa kike. Sweta pia msisahau, kwani mabasi ya shule yanarudi usiku. Wenye maswali ya kuchagua masomo ya S.3 waje na ripoti ya mtoto, tutakaa nao tuisome pamoja.