"Mpelekeni Nyumbani" Si Mwisho wa Haki ya Mgonjwa



Ndugu yangu wa Tuala, maneno haya unayajua: "Hapa tumefika mwisho, mpelekeni nyumbani." Familia inakodi gari, mgonjwa wa kansa analazwa chumbani, basi. Hakuna daktari anayepiga hata simu. Maumivu yakizidi usiku, kilichobaki ni Panadol na dua.

Dua hatuiachi. Lakini maumivu hayo yana dawa. Mofini ya maji hunywewa mdomoni, haihitaji sindano wala kulazwa. Majirani zetu Uganda wanaijua: Hospice Africa Uganda ilianza 1993, huwafuata wagonjwa majumbani, na tangu 2004 wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika. Sisi tuna Nairobi Hospice, pale Kenyatta, tangu 1990. Mashallah. Lakini mtu asiyeweza hata kuketi atabadilisha matatu ngapi kutoka Tuala?

Kuna wanaosema dawa hiyo ni haramu, au kwamba kuitumia ni kukosa subira. Muulize sheikh wako. Wanazuoni wengi wameijuzisha kwa dharura, kwa kipimo cha daktari. Kutuliza maumivu si kuharakisha mauti. Ajali iko mkononi mwa Allah. Na mgonjwa aliyetulia ndiye anayeweza kuswali hata kwa ishara, kutaja madeni yake, kuusia, kuomba msamaha, na kuitamka shahada akilakiniwa. Anayepiga kelele kwa uchungu atayafanya saa ngapi?

Tena hatuombi fadhila. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya afya. Sheria ya Afya ya 2017 imetaja wazi kwamba haki hiyo ni pamoja na huduma ya kutuliza mgonjwa, hata asiyetarajiwa kupona. Na hospitali zetu ziko chini ya kaunti. Kwa hivyo swali ni la Kajiado, si la Nairobi.

Tunadai matatu:

1. Mofini ya kunywa ipatikane Kitengela, isikose.
2. Muuguzi aliyefunzwa awazuru wagonjwa majumbani.
3. Wodini, jamaa mmoja aruhusiwe kukaa na mahututi hata saa za kuona wagonjwa zikiisha, amlakinie na amwelekeze kibla. Jirani yetu Mkristo naye apate kuwa na pasta wake. Haki hii ni ya wote.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufika bungeni kufikia 30 Aprili kila mwaka. Wakiitisha maoni ya umma, njoo. Kina mama wanaouguza, njooni mseme wenyewe. MCA asikie kwa masikio yake.

Na kabla ya bajeti, kuna mgonjwa mtaani kwako leo. Mpe anayemuuguza usiku mmoja alale.

Wabillahi tawfiq. Sambaza.